Naomba ushauri: stika za Skyline ya Calsonic zimekuwa za njano

Wakuu habari. Nina modeli ya kuunganisha ya gari la mbio la Nissan Skyline GT-R R32 lenye rangi za mdhamini wake Calsonic, kipimo cha 1/24. Ndiyo ile ya buluu ambayo madereva Hoshino na Suzuki walitwalia ubingwa wa mbio za magari wa Japani mwaka 1990. R32 zilishinda mbio zote 29 za Group A (daraja la magari ya kawaida yaliyoboreshwa kwa mbio) kule tangu 1990 hadi 1993! Naipenda mno gari hii.

Shida ni stika za maji, zile za kulowekwa kwanza ndipo zibandikwe. Zimezeeka zikawa za njano, na maandishi meupe juu ya buluu yataonekana machafu. Nasikia ukizibandika kwenye kioo cha dirisha, jua huondoa unjano. Je, hazitakatika zikiingia majini? Nizipulizie vanishi kwanza, au itaziyeyusha? Na kwa unyevu huu wa Dar, mnapuliza rangi saa ngapi isififie kwa weupe kama ukungu?