Mjadala: Je, kura za maoni zinapima kweli kama watu wanakubali mapenzi ya watu zaidi ya wawili?

Mleta mada: Ndugu zangu, mwezi Septemba 2023 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitangaza majibu ya watu wazima wa nchi hiyo kuhusu ndoa za wazi, yaani ndoa ambazo mume na mke wamekubaliana kwamba kila mmoja anaweza kuwa na mpenzi wa nje. Asilimia 33 walisema zinakubalika, asilimia 50 wakasema hazikubaliki, na miongoni mwa walio chini ya miaka 30 waliozikubali walifika asilimia 51. Gallup, kampuni ya Marekani ya kura za maoni, nao walipata asilimia 7 walioona ndoa ya wenzi wengi ni sawa kimaadili mwaka 2003, na asilimia 23 mwaka 2022. Nauliza: je, fikra za watu ndizo zilizobadilika, au ni namna ya kuuliza? Kwetu sisi naona utafiti kama huo hauna haja, kwa sababu wanawake wa Pwani wamezoea uke wenza tangu enzi za bibi zao, na asiyelalamika amekubali.

Mtakwimu: Nijibu swali kabla halijapotea. Katika miaka ya mwanzo Gallup walimweleza mhojiwa kwamba wanauliza kuhusu mume mmoja kuwa na wake zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Baadaye maelezo yakawa ni mtu aliye katika ndoa kuwa na mwenzi zaidi ya mmoja. Hayo ni maswali mawili, na anayeziunganisha namba zake kwa mstari mmoja anapima embe na chungwa kwa kibaba kimoja. YouGov, kampuni nyingine ya kura za maoni, wana swali ambalo haliulizi kama jambo linafaa, bali humpa mtu kipimo cha kuanzia 0 hadi 6 ajiweke mwenyewe: uhusiano anaoutamani ni wa wawili tu, au una nafasi ya wengine kwa kiasi gani. Huko pia takriban theluthi moja hujiweka nje ya sifuri, yaani nje ya wawili tu, lakini theluthi hiyo imesema inachokitamani, na ile ya Pew imesema inachokivumilia kwa jirani.

Kwa Kiswahili kazi ni ngumu zaidi. Neno «mwenzi» halina jinsia, ila mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, kwa hiyo ukiuliza kuhusu «kuwa na wenzi wengi», mhojiwa atasikia wake wengi, na utakuwa umepima mitala huku ukiandika ripoti ya jambo jingine.

Binti Kisauni: Kaka Mtakwimu, ahsante, lakini mimi siwezi kuvuka ile sentensi ya kwamba asiyelalamika amekubali. Baba yangu alirudi safari siku moja na doti mbili za leso za jina moja. Mama alipofungua mkoba kutoa nguo za kufua, akaziona zote mbili, rangi ileile, maandishi yaleyale, na hapo akajua kwamba kuna nyumba nyingine inayogawiwa kwa haki sawa na yake. Alipewa doti yake jioni, akashukuru, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na mpaka leo hajaivaa. Hakulalamika hata siku moja. Sasa, Mleta mada, katika hesabu yako mama yangu ni miongoni mwa waliokubali?

Mzee wa Moshi: Mwanangu, pole. Lakini kwenu Kenya mlitunga sheria ya ndoa mwaka 2014, nayo inamtaka mume apate ridhaa ya mke wa kwanza. Kwa nini mama hakuitumia?

Binti Kisauni: Shikamoo, Mzee wangu. Ridhaa hiyo ilikuwamo katika muswada, lakini iliondolewa bungeni, wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira, na Rais Uhuru Kenyatta akatia saini mwezi Aprili mwaka huohuo. Kilichobaki ni kwamba ndoa ya kimila na ya Kiislamu huhesabiwa kuwa ni ya wake wengi au inaweza kuwa hivyo.

Mzee wa Moshi: Basi nimeichanganya na yetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mume na mke watoe tamko la pamoja, kila mmoja kwa hiari yake, kabla ya kuigeuza ndoa ya mke mmoja kuwa ya wake wengi, na mke aliye katika ndoa ya mitala anaweza kupinga ndoa mpya kama kipato cha mume hakitoshi.

Mleta mada: Sikumtukana mama wa mtu. Nimelelewa na mama wawili waliopika chungu kimoja, na ninaumia ninapoona ndoa zetu zinazungumzwa kana kwamba kila mke mwenza ni mtu aliyedhulumiwa. Dini imemtaka mume awe mwadilifu, na doti mbili zinazofanana ni uadilifu.

Binti Kisauni: Uadilifu baada ya kuoa ni jambo moja, na kuulizwa kabla ni jambo jingine. Hao Wamarekani wa ndoa za wazi, swali lao lote limesimama juu ya neno «wamekubaliana». Ukiliondoa neno hilo umebaki na mchepuko.

Mdadisi wa zamani: Niongeze nilichokiona kazini. Katika tafiti za kitaifa za afya na uzazi, sehemu ya ukatili wa kijinsia haiulizwi mpaka faragha ipatikane, na huchaguliwa mwanamke mmoja tu kwa kaya. Dodoso nililopewa mimi wakati fulani lilikuwa la maoni, na halikuwa na sharti hilo. Swali lilikuwa: je, ni sawa mume kuongeza mke bila kumwambia wa kwanza? Mwanamke niliyemhoji alikuwa amekaa mkekani, mama mkwe wake pembeni anachambua choroko. Akanijibu, «Ni sawa», bila kuinua macho, nami nikaweka alama. Tulipofika ukurasa wa mwisho mama mkwe akainuka kwenda kuteka maji. Yule mwanamke akasubiri mpaka ndoo ilipogonga ukingo wa kisima, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: «Si sawa hata kidogo. Lakini lile la kwanza liache hivyohivyo.» Nililiacha.