Filamu ya kutisha angani: kiumbe tukijenge kwa mikono au kwa kompyuta?

Mwandishi_wa_Giza aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimemaliza skripti ya filamu fupi ya dakika 20 inayohusu wafanyakazi watano wa chombo cha mizigo, walio mbali sana na dunia, ambao siku moja wanabaini kwamba mtambo wa hewa unahesabu watu sita wanaovuta pumzi. Tuna ghala tupu la kupigia picha, kamera moja nzuri na fedha kidogo. Kabla hatujaanza, tumekwama katika mambo mawili. La kwanza ni kiumbe chenyewe: mpigapicha wetu anataka kitengenezwe chote kwa kompyuta, nami nahofia kwamba waigizaji wakikodolea macho ukuta mtupu, woga wao utakuwa wa kubuni na mtazamaji ataugundua mara moja. La pili ni sauti, kwa kuwa fundi wetu anasema nje ya chombo hakusikiki kitu, na mimi sijui nitamtishaje mtu kwa ukimya. Naomba mawazo ya waliowahi kulifikiria jambo hili kwa kina.

Fundi_Seti alijibu:

Ndugu, kuhusu kiumbe nipo upande wako, na ningekushauri uchunguze jinsi filamu ya Alien ya mwaka 1979 ilivyotengenezwa, kwa sababu karibu kila swali lako liliwahi kuwakabili mafundi wale katika studio za Shepperton, Uingereza. Kiumbe alichorwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, na aliyelivaa vazi lake katika sehemu kubwa ya filamu alikuwa Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa akisomea sanaa ya michoro, mwembamba na mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Walimtafuta mtu mwenye mikono na miguu mirefu kupita kawaida ili mtazamaji asione umbo la binadamu aliyejificha ndani ya mpira. Hata hivyo, mwongozaji Ridley Scott hakutegemea vazi peke yake, bali alimweka kiumbe gizani, akaonyesha taya, kisha mkia, kisha kitu kinachong'aa kwa unyevu, na akakata picha kabla jicho halijakamilisha hesabu yake. Ukijumlisha muda wote ambao kiumbe mkubwa anaonekana, ni dakika chache tu katika filamu inayokaribia saa mbili.

Kuhusu waigizaji, kumbuka tukio la mezani ambapo kiumbe mchanga anapasua kifua cha mtu. Waigizaji walikuwa wameisoma skripti na walijua nini kitatokea, lakini hawakuambiwa damu itaruka kwa wingi kiasi gani, na mshtuko wa Veronica Cartwright inapomrukia usoni ni mshtuko wa kweli. Mimi binafsi nisingependa kumshtukiza mwigizaji bila ridhaa yake, na sioni haja ya kuiga hilo. Ninachokiona hapo ni kwamba kitu kilikuwepo mezani, kina uzito na kina majimaji, na mwili wa mwigizaji ulikijibu wenyewe.

Usidharau pia vitu vidogo. Kile kinachotikisika ndani ya yai la kiumbe kabla halijafunguka ni mikono ya Scott mwenyewe iliyovalishwa glavu za mpira. Na pale walipotaka seti ya chombo kigeni ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa, waliwavisha watoto mavazi madogo ya anga na kuwapiga picha kwa mbali, badala ya kujenga upya. Ghala lako linaweza kufanyiwa hivyo hivyo.

Sikio_la_Tatu alijibu:

Mimi nijibu la sauti. Fundi wako amesema kweli, kwa maana sauti ni mtikisiko unaohitaji kitu cha kupitia, na katika ombwe hakuna hewa ya kuubeba. Lakini mtikisiko hupita vizuri sana katika chuma. Maana yake ni kwamba mtu aliye nje, akiwa anaelea, atasikia pumzi yake tu na feni ya vazi lake, ila mara anapokishika chombo, mtikisiko wa mashine unaweza kupanda kwenye glavu, ukapita katika vazi na kufika masikioni mwake. Umepewa mlango wa sauti unaofunguka na kufungwa kwa mguso wa mkono. Ukiutumia kwa nidhamu, mtazamaji ataujifunza bila kuelezwa, na baada ya hapo atauogopa kila mkono unaonyoshwa.

Sayansi itakusaidia pia katika vifo, iwapo skripti yako inavyo. Mtu akitoka nje bila vazi halipuki, wala hagandi papo hapo, kwa kuwa pasipo hewa joto la mwili hupotea polepole. Mwaka 1966, fundi mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa akijaribu vazi ndani ya chumba cha ombwe pale bomba la hewa la vazi hilo lilipochomoka, naye akapoteza fahamu baada ya sekunde 14 hivi. Alipona, na alikumbuka kwamba kabla ya kuzimia aliyahisi mate yakichemka juu ya ulimi. Sekunde hizo ambazo mtu bado ana akili zake zote na anajua kinachomjia zinanitisha kuliko mlipuko wowote wa damu.

Mchora_Matukio alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila tusiihukumu kompyuta bila kosa. Itakufaa kufuta nyaya, kuongeza nyota dirishani na kurefusha korido inayoishia ukutani. Ninachokisisitiza ni kuchora kila picha kabla ya kukodi hata taa moja. Scott aliichora filamu yake picha kwa picha, na studio ilipoiona michoro hiyo ilipandisha bajeti kutoka dola milioni 4.2 hadi milioni 8.4. Wewe huna studio ya kukuongezea fedha, lakini michoro itakuonyesha ni kuta zipi hazitaonekana kamwe, na hizo hutazijenga.

Mwandishi_wa_Giza aliandika tena:

Nawashukuru sana. Mpigapicha amekubali tujaribu kwanza vazi, tena gizani, na mkono mmoja tu wa kiumbe. Ukurasa wa 9 nimeuandika upya usiku huu: fundi wa chombo anatoka nje kukagua mtambo wa hewa, kimya kitupu, hadi glavu yake inapougusa ubavu wa chombo, na hapo anasikia hatua za mtu zikitembea upande wa ndani, mahali ambapo wenzake wote wanne hawapo.