Rgui inafunguka na vitu vya zamani: naianzishaje ikiwa safi?

mpekuzi_data
Wakuu, heshima kwenu. Natumia R (lugha ya kuchambua data) kwenye Windows, ile Rgui ya kawaida, yaani dirisha linalokuja na R yenyewe, siyo programu ya RStudio. Nikibofya aikoni inaganda weee, halafu inaleta "[Previously saved workspace restored]", na nikiandika ls() naona majedwali ya kazi niliyokwisha kuikabidhi zamani. La pili, kila ikifunguka inajipeleka Documents, ingawa kwenye "Start in" ya aikoni nimeweka folda ya mradi. Kuna mtu aliniambia dawa ni --vanilla, chaguo la kuongeza kwenye amri ya kuanzisha R. Nimeiweka, kasi imerudi, ila sasa library() haizioni pakeji zangu (vifurushi vya nyongeza vya R), ambazo ziko diski nyingine na njia yake nimeiandika kwenye .Renviron, faili la mipangilio ambalo R husoma inapoanza. Naombeni msaada.

mzee_wa_konsoli
Mkuu, --vanilla hapo ni kuchoma nyumba ili umtoe panya. Ndani yake yamo machaguo haya (na kwenye Windows, --no-Rconsole pia): --no-save, --no-restore, --no-site-file, --no-init-file na --no-environ. Hilo la mwisho ndilo linaloizuia R kuisoma .Renviron yako, kwa hiyo pakeji haziwezi kuonekana. Mimi --vanilla naitumia pale tu ninapotaka kujua kama tatizo ni la R yenyewe au ni la mipangilio yangu. Kwa kazi za kila siku, hapana.

Bofya kulia kwenye aikoni, ingia Properties, tazama "Target". Nina hakika ilianza ikiwa hivi:

`"C:\Program Files\R\R-4.3.1\bin\x64\Rgui.exe" --cd-to-userdocs`

Hiyo --cd-to-userdocs hukuiandika wewe, iliwekwa wakati wa kusakinisha, na ndiyo inayoipiga chenga "Start in" yako. Ifute. Utashangaa: hata ule mgando huenda ukaondoka hapohapo, kwa sababu R hupakia .RData (faili la workspace iliyohifadhiwa) iliyo kwenye folda inamoanzia, na dubwana lako bila shaka limelala Documents. Kwa usalama zaidi andika:

`"C:\Program Files\R\R-4.3.1\bin\x64\Rgui.exe" --no-restore-data --no-save`

Machaguo yakae nje ya alama za kunukuu, na nafasi katikati. Ukiyaingiza ndani, Windows itadhani ni sehemu ya jina la faili.

Sasa sikiliza hapa, maana watu wanaumia. Ukiweka --no-restore-data peke yake, ukifunga Rgui bado itakuuliza kama uhifadhi. Ukijibu "Yes", .RData iliyomo kwenye folda ile inafutwa na kuandikwa upya kwa vile vichache ulivyonavyo sasa. Ya zamani ndiyo basi tena. Ndiyo maana nayaweka yote mawili. Gharama yake ni kwamba --no-save haiulizi chochote wakati wa kufunga, na historia ya amri pia haihifadhiwi. Ukiitaka, ita savehistory() mwenyewe kabla ya kutoka. Matokeo ya maana yahifadhi kwa saveRDS(), kila kimoja na faili lake. Huo ndio msimamo wangu: .RData isiyo na jina ni ghala la takataka.

Kuhusu .Renviron: R huitafuta kwanza kwenye folda ya kazi, ikiikosa ndipo inakwenda nyumbani kwako, ambako kwenye Windows kwa kawaida ni Documents. Haisomi zote mbili. Usije ukaweka nyingine kwenye folda ya mradi ukashangaa pakeji zimepotea tena.

binti_grafu
Naongezea. Mwishoni mwa "Target" unaweza pia kuweka vigeu vya mazingira, mfano `LANGUAGE=en`, ujumbe wa makosa ukaja kwa Kiingereza. Inasaidia unapotafuta kosa mtandaoni. Na kama una skrini mbili jaribu --sdi, kila dirisha la grafu linajitegemea badala ya kufungiwa ndani ya dirisha kubwa.

kdogo_kdogo
Na --max-mem-size je? Niliambiwa inaongeza kumbukumbu.

mzee_wa_konsoli
Hiyo sahau. Tangu R 4.2.0 ya mwaka 2022 haifanyi kazi tena, na memory.limit() nayo inakupa onyo tu.

mpekuzi_data
Shukrani wakuu. Nimefuta --cd-to-userdocs, nimeweka yale mawili, inafunguka papo hapo. getwd() inaonyesha folda ya mradi na pakeji zimerudi. Swali dogo: ofisini kuna mashine ya Linux, nako nafanyaje? Na nitajuaje machaguo yamefika kweli?

mzee_wa_konsoli
Kuhakiki, andika commandArgs() ndani ya R; itakuorodheshea kila ilichopewa wakati wa kuanzishwa. Kwa Linux hakuna Rgui. Unaweza kuandika `R --gui=Tk --no-restore-data --no-save` kwenye terminali, mradi R hiyo ina tcltk (pakeji ya kutengeneza madirisha), lakini dirisha lenyewe ni la kizamani, binafsi nabaki na terminali. Ukihamia RStudio, machaguo ya aikoni ya Rgui hayakuhusu: ingia Tools, Global Options, uondoe tiki kwenye "Restore .RData into workspace at startup", na pale pa kuhifadhi wakati wa kutoka uchague "Never".