Ukuta wa Gede: ujengwe upya au tuache gofu?

Mwana wa Watamu: Tangu 2024 Gede, magofu ya mji wa kale hapa karibu na Watamu, pwani ya Kenya, imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, na bado wageni wanaofika Watamu wengi naona wanaishia ufuoni. Rai yangu: tujenge upya kipande cha ukuta na tuezeke nyumba moja, mtu aone mji wa karne ya 15 ulivyokuwa. Waarabu waliacha mji mzima, sisi tunaonyesha mawe. Mwasemaje?

Binti Mpwani: Waarabu? Hapo umenichoma. Matumbawe ya hapa, chokaa ya hapa, boriti za mikoko ya hapa, halafu sifa zivuke bahari?

Msomaji wa Kaburi: Pole pole, dada. Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba pale kuanzia 1948, mwenyewe aliuita mji wa Waarabu.

Binti Mpwani: Aliandika hivyo 1954, chini ya mkoloni. Wewe mwaka huu unamrudia neno kwa neno! Msome kwanza Kusimba, mwanaakiolojia anayesema miji hii ilijengwa na Waafrika wenyewe.

Msomaji wa Kaburi: Usinifundishe kusoma. Lile kaburi la Gede lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399, limeandikwa lugha gani? Kigiriama?

Binti Mpwani: Babu yangu kaburi lake lina Kiarabu, na hakuwahi kuvuka hata Bahari ya Shamu. Huo ni Uislamu, si ukoo.

Jirani wa Arabuko: Hiyo "Kigiriama?" umeitoa kwa dharau, ndugu, nami nimeisikia. Sisi Wagiriama ndio tunaouheshimu msitu ule na mizimu yake, mji ukiwa gofu.

Msomaji wa Kaburi: Kwa hilo niwie radhi. Sikukusudia kabila la mtu. Lakini ule utafiti wa DNA wa 2023, wa mifupa ya Mtwapa na Manda, miji mingine ya kale ya pwani hii, ulionyesha akina baba wengi asili yao Asia.

Binti Mpwani: Uajemi! Na akina mama Waafrika. Wewe kila ukihesabu wazee wa mtu, mama humwoni.

Mwana wa Watamu: Jamani, ukuta.

Jirani wa Arabuko: Ukuta upi? Kulikuwa na kuta mbili. Ndani ya ule wa ndani kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za mawe. Kati ya kuta mbili watu wengi walikaa nyumba za udongo na makuti, na hizo hazina hata gofu. Ukiezeka nyumba moja ya mawe, mgeni ataondoka akidhani kila mtu alikuwa tajiri.

Mwana wa Watamu: Basi tujenge ya udongo pia. Carcassonne kule Ufaransa, msanifu wa karne ya 19, Viollet-le-Duc, aliurudishia mji ngome yake, na watu wanamiminika.

Msomaji wa Kaburi: Na mapaa yake ya mawe meusi yanalaumiwa mpaka leo, kwamba si ya kusini kule. Gede tutakisia paa la nani?

Binti Mpwani: La makuti au la chokaa, fundi wa Lamu atakwambia. Usimuulize Mwarabu.

Msomaji wa Kaburi: Umeanza tena.