Mdogo wangu kapewa uhusika mkuu kwenye tamthilia, mkataba ni miaka mitatu. Asaini au aende chuo?

DadaMkubwa_Mbagala

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 19, nakaa naye Mbagala tangu mama alipomleta kutoka Korogwe kuja kuanza kidato cha tano. Mwaka jana alipomaliza form six akaenda kwenye usaili wa tamthilia, wakamchukua kama dada wa kazi mwenye sentensi sita tu. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Tulifika lokesheni saa kumi na mbili asubuhi, sini yake ikachukuliwa saa tatu usiku. Skripti ilisema baba mwenye nyumba akishamwaga sahani, dada wa kazi asimame mlangoni. Hakusimama. Alipiga magoti akaanza kuokota wali, punje mojamoja, anaweka kiganjani, wakubwa wanagombana juu ya kichwa chake. Dairekta akanyamaza kidogo, kisha akaagiza warudie vilevile, kamera ishuke chini.

Kipande kile kilisambaa mitandaoni. Sasa akipita Rangi Tatu kununua mboga, akina mama wanamwita kwa jina la yule dada wa kazi.

Wiki iliyopita wamemwita, wanataka awe mhusika mkuu msimu ujao. Mkataba una kurasa nne. Miaka mitatu haruhusiwi kufanya kazi na mtu mwingine yeyote, malipo ni 40,000 kwa siku aliyoigiza, na asipoitwa halipwi kitu. Walitaka asaini palepale ofisini, nikaomba tuondoke nao. Wametupa siku kumi.

Mama anataka aende chuo. Yeye mwenyewe kila usiku yuko mbele ya kioo cha kabati anafanya mazoezi. Juzi alilia sini ya msiba mpaka jirani akagonga mlango kutupa pole. Mimi ndiye namlipia kila kitu na uamuzi wananiachia mimi. Nifanyeje?

Kipepeo_Tmk

Asaini dada. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wasichana wanaoitaka nafasi hiyo wamejaa tele, akisita wiki mbili watampa mwingine. Chuo kipo siku zote.

MshikaMaiki

Dada, mimi niko upande wa sauti, nimeshika maiki kwenye seti za Dar miaka sita. Nakuandikia kama ningemwandikia dada yangu wa damu.

Hiyo 40,000 isikuumize kichwa sana, msanii mchanga huanzia chini. Kinachonitisha ni miaka mitatu ya kufungwa halafu asipoitwa halipwi. Tamthilia ikisimama miezi minane kwa sababu kituo hakijalipa, mdogo wako atakaa nyumbani bila senti na hawezi hata kwenda kuigiza tangazo la sabuni. Mwombeni prodyuza mambo mawili: muda uwe msimu mmoja, na zuio lihusu tamthilia nyingine tu. Matangazo, filamu na jukwaa abaki huru. Akikataa yote mawili, basi anataka kummiliki.

Tena ulizeni nywele na nguo. Watu hucheka nikisema hivi ila mimi nimeona. Mhusika akianza na rasta ndefu, hatozifumua mpaka sini za siku hiyo ya hadithi ziishe, na sini za siku moja zinaweza kuchukuliwa kwa miezi miwili, ili mwendelezo usivunjike. Nani analipa msusi? Gauni likichanika, nani analinunua? Wadogo wengi nimewaona wanakopa nguo kwa marafiki ili waonekane matajiri kwenye runinga, malipo yote yanaishia huko. Na kazi ikiisha saa saba usiku, usafiri wa kumfikisha mlangoni uandikwe. Asipande bodaboda peke yake kutoka Mbezi hadi Mbagala usiku wa manane.

Jambo la marudio pia, yaani malipo kila tamthilia ikioneshwa tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa ana haki katika uigizaji wake, si mwenye kamera peke yake. Wakati wa DVD za Kariakoo wasanii wengi walilipwa mara moja, filamu ikauzwa miaka na miaka wao wakiitazama tu. Huenda wakakataa kulipa marudio, lakini muulize, ili ajue anachouza.

Mwisho, mwambie aliyeokota ule wali kwamba hata sisi tuliosimama nyuma ya kamera tungenyamaza.

Shangazi_Ubungo

Mwanangu, nami naongeza la kwangu. Muulize huyo mtoto, mkiwa wawili, taratibu, kama kuna mtu yeyote kazini amemwambia waonane hotelini "kuzungumzia uhusika". Usimuulize kwa ukali, atakuficha. Akisema ndiyo, hilo ni kosa la jinai, limo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea malalamiko yake. Atunze meseji, asifute hata moja.

Na hata kama hakuna, ajue mapema kwamba ana nyumba ya kurudi akisema hapana. Msichana anayedhani akikosa kazi atafukuzwa nyumbani hukubali mambo mengi.

Mkenya_Pumwani

Salamu kutoka Nairobi. Dada, naomba nimlete hapa mwigizaji wetu Lupita Nyong'o, maana watu wengi wanajua mwisho wa safari yake tu, ule usiku wa tarehe 2 Machi 2014 aliposhika tuzo ya Oscar.

Akiwa kijana mdogo aliigiza jukwaani hapa Nairobi na kundi la Phoenix Players. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka 2005, ilipochukuliwa Kenya, yeye alikuwa mtu wa kutumwa kwenye seti. 2009 akaigiza kwenye Shuga, tamthilia ya MTV iliyochukuliwa huku kwetu, na mwaka huohuo akatoa filamu yake mwenyewe ya kumbukumbu kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Sasa tazama: msichana ameshaonekana, anajulikana Nairobi, angeweza kubaki hapo. Akaenda kusomea uigizaji Yale, akamaliza 2012. Kazi iliyompa Oscar aliipata akiwa anamaliza masomo.

Najua alikuwa na nafasi ambazo mtoto wa Mbagala au wa Pumwani hana, baba yake ni profesa na mwanasiasa. Hilo silifichi. Ila kuonekana hakukumzuia kwenda kujifunza, na kujifunza hakukumpotezea kazi.

Mzee_wa_Bwagamoyo

Huko nyuma wengi walifundishwa na vikundi. Kikundi cha maigizo cha Kaole ndicho kilichotuletea marehemu Kanumba, Ray, Johari na Lulu tangu akiwa mtoto, watu wakiwaona ITV. Kikundi kilikuwa shule: unakosea, mkubwa wako anakusahihisha mbele ya wenzako. Siku hizi kijana anatoka usaili anaingia moja kwa moja kwenye uhusika mkuu. Nani anamsahihisha?

Dada, TaSUBa, chuo cha sanaa, iko Bagamoyo, si ng'ambo. Wanafundisha maigizo kwa vitendo, sauti, mwili, jukwaa. Kipaji cha kuokota wali anacho, lakini kulia sini moja mara kumi na moja bila kukauka koo ni ufundi, unafundishwa. Muulizeni prodyuza kama anaweza kupanga siku zake za kazi wakati wa likizo.

Wakili_Mchanga

Msisaini kabla ya mwanasheria kuusoma. Kama hela hakuna, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria kwa wanawake. Na siku mkisaini, ondokeni na nakala yenye saini za pande zote mbili. Nakala ya kuambiwa "tutawatumia" msiikubali.

DadaMkubwa_Mbagala

Asanteni sana, nimesoma yote nikiwa na mdogo wangu hapa kitandani. Shangazi, nimemuuliza kama ulivyonielekeza. Hakuna aliyemwambia hivyo, ila amelia kidogo, akaniambia hakujua kama angeweza kukataa kazi na mimi nisimkasirikie. Nimemkumbatia.

Jana tulienda kwa mwanasheria, leo tumerudi kwa prodyuza. Miaka mitatu ameipunguza kuwa msimu mmoja, na usafiri wa usiku amekubali kuuandika. Marudio amekataa katakata. Nywele amesema "tutaona", nikamwambia tuone kwenye karatasi. Kuhusu Bagamoyo amecheka kwanza, halafu akauliza likizo zinaanzia mwezi gani.

Mdogo wangu amechukua penseli, anapitia kurasa zile nne anaweka alama kila mahali penye neno asilolielewa. Yako kumi na saba. Ijumaa saa nne asubuhi tunarudi ofisini nayo yote, na mama anapanda basi Alhamisi ili awepo.