Taa ya upepo wa matairi kwenye pikapu, na uamuzi wa dizeli au petroli kwa njia ya Moshi–Arusha–Karatu

NdiziMachame

Wakuu, habari za jioni. Nina maswali mawili ya pikapu ya kazi, na nimeyaweka pamoja kwa sababu gari ni lilelile.

Kazi yenyewe ni kubeba ndizi na parachichi kutoka Machame na Marangu kwenda soko la Kilombero, Arusha. Mzigo ni kilo 700 hadi 900. Mara mojamoja inafika Karatu na kuingia vijijini kwenye barabara ya vumbi. Kwa mwezi ni kama kilomita 2,000.

Swali la kwanza: gari la sasa lina sensa za upepo ndani ya matairi. Nikiwasha, taa ya tairi kwenye dashibodi inapepesa kama dakika moja, kisha inabaki imewaka. Kwa geji matairi yote manne yana psi 35. Fundi mmoja anashauri nizibadilishe zote nne. Mwingine anasema niitoe balbu nisahau.

Swali la pili: nataka kubadilisha gari. Nalinganisha Hilux dabo kabini 2.7 ya petroli na 2.8 ya dizeli. Kwa milima hii na mafuta ya sheli zetu, mngeshauri ipi?

Fundi_Sakina

Mkuu, taa yako haisemi kwamba upepo ni mdogo. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, kuna tairi limepungua. Ikipepesa sekunde 60 hadi 90 halafu ikabaki imewaka, kompyuta ya gari inakwambia haipati habari kutoka sensa moja au zaidi. Kwa hiyo usijaze upepo ili kuizima hiyo taa, utaishia na matairi magumu na taa bado inawaka.

Usinunue sensa nne kabla hujapima. Kuna kifaa cha mkononi kinachosogezwa karibu na valvu ya kila gurudumu. Kinaiamsha sensa na kukuonyesha namba yake, upepo uliomo na hali ya betri. Gurudumu lisilojibu ndilo lenye tatizo. Mambo ya kawaida ni haya: betri imekufa (imefungiwa ndani ya sensa, hudumu miaka 5 hadi 10, haibadilishwi peke yake), rimu zimebadilishwa na sensa zikabaki kwenye rimu za zamani, au sensa imevunjwa siku tairi lilipotolewa. Baadhi ya magari yana sensa mpaka kwenye spea, kwa hiyo ipime nayo. Watu wanasahau spea iliyolala chini ya bodi mwaka mzima bila upepo.

Ukinunua mpya, hakikisha masafa yanafanana na ya zamani. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433. Sensa ya 433 kwenye gari la 315 ni kama hukufunga kitu. Baada ya kufunga, namba yake inaingizwa kwenye kompyuta ya gari, kisha unaendesha. Nyingi hulala gari likisimama na huamka ukipita kilomita 25 au 30 kwa saa, kwa hiyo usitegemee taa izimike ukiwa palepale gereji.

Sensa nyingi hufia kwenye mashine ya kutoa tairi. Ile bapa inayobana mdomo wa tairi utoke kwenye rimu ikishuka pale penye valvu, inakandamiza sensa moja kwa moja na plastiki yake inapasuka. Mwambie fundi kabla hajaanza: "hii ina sensa." Valvu ikae mbali na bapa. Anayetumia taimbo asiingize ncha yake upande wa valvu. Na usikubali dawa ya kuziba pancha imwagwe ndani ya tairi lenye sensa, kile kitundu kidogo cha kupimia kinazibika.

Ukifunga upya weka mpira mpya wa valvu, na nati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Ni nati ndogo, spana ya kawaida na mkono mzito vinakata shina. Kama shina ni la aluminiamu, kile kisindano cha ndani kiwe kilichopakwa nikeli. Cha shaba nyeupe cha kawaida kinashikana nalo kwa kutu, na siku ya kukitoa shina linavunjika.

Sasa hiyo 35. Umepima lini? Kipimo halali ni tairi baridi: gari limesimama saa 3 au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja hivi. Upepo hupanda takriban psi 1.5 hadi 2 kwa kila nyuzi joto 10. Ukipima saa nane mchana ukitoka Boma Ng'ombe na kusoma 35, kesho yake alfajiri huko Machame utakuta 30 au chini. Kipimo chenyewe kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi, hiyo ni ya juu kabisa ambayo tairi linavumilia. Pikapu nyingi zina namba mbili za nyuma, moja ya gari tupu na nyingine ya mzigo. Wewe na kilo 900 zako unafuata ya mzigo.

Kuhusu kutoa balbu: usifanye hivyo. Lakini usiifanye taa kuwa kipimo pia. Sheria ya Marekani, iliyokamilika kwa magari yote madogo mapya Septemba 2007, inataka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kibandiko. Kama kibandiko kinasema 36, taa inaruhusiwa kukaa kimya mpaka 27. Tairi la nyuma lenye 28 chini ya mzigo wa ndizi linapinda ubavu kila mzunguko, linachemka, na nyuzi za ndani zinaachana. Kwa nje huoni kitu mpaka siku lipasuke. Geji kila Jumatatu asubuhi, taa au hakuna taa.

NjiaYaKaratu

Niongeze la barabara ya vumbi, maana lami inaishia geti la Ngorongoro na hata kabla ya hapo njia za vijijini Karatu ni vumbi tu.

Gari tupu kwenye vumbi lenye mawimbi: punguza asilimia 20 hadi 25 ya kipimo cha lami, na mwendo usizidi 60. Kama ni 33, teremka mpaka 25 au 26. Tairi linakaa chini kidogo, linameza mawimbi, shokapu na boriti za bodi zinapumzika. Taa inaweza kuwaka, na hapo ni sawa iwake. Ukiwa na mzigo kamili, punguza mbele tu. Nyuma usiguse.

Kwenye mawe makali, kama njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron, tairi lenye upepo kidogo huvimba ubavu na ubavu ndio unaochanwa. Huko usishuke sana na mwendo uwe wa pole zaidi.

Ukirudi lami jaza kabla ya kukimbia. Kompresa ndogo ifungwe kwa klipu kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma. Zile za kuchomeka kwenye soketi ya sigara zinaunguza fyuzi, kwa sababu fyuzi ya pale kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15.

Namna ya kujua kipimo chako kwa mzigo wako: pima baridi, endesha lami saa nzima, simama upime tena palepale. Kwa tairi la kawaida ongezeko la psi 4 ni zuri, kwa tairi la pikapu lenye ubavu mzito ni 6. Likiongezeka zaidi, ulianza na upepo mdogo. Likiongezeka pungufu, ulijaza kupita kiasi.

DizeliSafi

Nijibu la pili. Kwa mzigo wa kilo 900 na kupandisha Machame, Marangu, kisha mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, ni dizeli.

Angalia nguvu ya mzunguko. Injini ya petroli 2.7, ile 2TR-FE, inatoa niutoni mita 241 hadi 245, na mpaka uizungushe karibu mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli 2.8, 1GD-FTV, inatoa 420 kwa gia za mkono na 450 kwa otomatiki, ikianzia mizunguko 1,600 tu, na zile za kuanzia 2020 za otomatiki zinafika 500. Kwenye mlima na mzigo, petroli utaisukuma gia ya pili huku ikipiga kelele. Dizeli inapanda na ya tatu.

Kuna na mwinuko. Arusha mjini ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa ina mgandamizo wa kama asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar. Injini isiyo na tabo inapungua nguvu kwa uwiano huohuo, na ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300, inapoteza karibu robo. Tabo inasukuma hewa ya ziada, kwa hiyo dizeli ya kisasa haihisi sana.

Hesabu ya mafuta: kwa mzigo chukua petroli kilomita 8.5 kwa lita na dizeli 11. Kwa kilomita 2,000 ni lita 235 dhidi ya 182, tofauti ya lita 53 kwa mwezi. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na iko kwa kila wilaya. Bei ya Moshi na ya Arusha hazilingani.

Ila dizeli ya kisasa haivumilii uchafu. Mafuta yakichanganywa na mafuta ya taa yanapungua ulaini, na pampu ya presha kubwa inalainishwa na dizeli yenyewe. Vyuma vinasagana, unga wake unaingia kwenye nozeli zote nne na kurudi mpaka kwenye tenki. Hapo hubadilishi nozeli moja. Ni pampu, reli (bomba la presha linalogawa mafuta kwa nozeli), nozeli, mabomba na kuosha tenki. Tangu 2011, kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa, faida ya kuchakachua ilipungua, na mafuta yanawekwa alama ya kemikali ili wakaguzi wapime. Adui aliyebaki ni maji, hasa masika.

Fanya hivi:

Jaza sheli yenye magari mengi, maana mafuta hayalali. Ukikuta lori linashusha mafuta, ondoka. Uchafu wa chini ya tenki la sheli unakuwa umekorogwa. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) kila mara, bila risiti huna pa kuanzia ukilalamika.

Taa ya filta ya mafuta ikiwaka, simama. Weka chombo chini ya filta, legeza koki ya chini mizunguko 2 hadi 2.5, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka maji yaishe na dizeli safi ianze kutoka. Funga kwa mkono, usitumie spana. Hata taa isipowaka, fanya hivyo kila mwezi wakati wa mvua. Filta yenyewe badilisha kila kilomita 10,000 kwa njia zetu za vumbi. Kabla ya kuwasha, pampu mpaka iwe ngumu, usiisumbue starta.

Petroli_Njiro

Kwa kazi aliyoieleza nakubali dizeli. Ila wasomaji wengine wasichukue hilo kama sheria. Pikapu ya kwenda Njiro na kurudi mjini, kilomita 6, haifai kuwa dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi kama 600, na hilo linahitaji dakika 15 hadi 25 za mwendo wa barabara kuu. Kwa foleni za mjini halijisafishi, linaziba, gari linapoteza nguvu. Uliza kabla ya kununua kama gari lina chujio hilo, hasa linalotoka Uingereza. Petroli ya 2TR haina hiyo shida, ina cheni badala ya mkanda, na plagi zake fundi yeyote anazijua.

Na kama bei itakusukuma kwenye Hilux ya kizazi cha nyuma yenye 3.0 D-4D, ile 1KD, kagua nozeli kwanza. Za miaka ya mwanzo, washa (pete) za shaba chini ya nozeli zilivuja, moshi ukashuka kwenye oili na masizi yakaziba wavu wa kunyonya oili. Washa injini ikiwa baridi kabisa, sikiliza mgongano mkali, kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi ukisukuma kwa nguvu, achana nayo.

NdiziMachame

Nimeelewa, ahsanteni sana. Nitapima sensa kwanza. Viwili vya mwisho: kuna sensa za kufunga kwenye valvu kwa nje, badala ya kofia, na kioo kidogo cha dashibodi chenye sola. Zinafaa? Na wanaouza upepo wa naitrojeni, nilipie?

Fundi_Sakina

Za nje zinafaa kwa pikapu ya kazi, na uzuri wake zinaonyesha namba ya kila tairi, si taa tu. Unaziwekea kiwango chako: nyuma iite ikishuka asilimia 10 chini ya kipimo cha mzigo. Lakini usizifunge kwenye valvu za mpira. Uzito wake ukizunguka kwa mwendo wa 80 unaupinda mpira, unachanika shinani, na upepo wote unatoka kwa mara moja. Badilisha valvu ziwe za chuma fupi kwanza. Ukishafunga, paka maji ya sabuni kwenye kila moja uone kama kuna povu, kwa sababu sensa hiyo huifungua valvu muda wote, ikilegea inavuja yenyewe. Kaza ile nati ya kuzuia wizi, na ukitoka kwenye tope la Machame osha kabla halijakauka.

Naitrojeni usilipie. Hewa ya kawaida tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Faida yake kubwa ni kwamba ni kavu, na hilo unalipata kwa kujaza kwenye kompresa ambayo mwenyewe anamwaga maji ya tenki lake kila asubuhi. Muulize, fundi makini hachukii swali hilo.