Mjadala: Je, mwenye bastola ya kibali aitoe majambazi wanapovamia hoteli iliyojaa watu?

Nafungua mjadala huu kwa sababu ya kauli ya jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, katika kikao cha wakazi wa mtaa wetu hapa South B, Nairobi. Alisema kwamba raia aliyepewa kibali cha bastola, akakaa kimya huku majambazi wakipora watu mbele yake, ni msaliti, na afadhali anyang'anywe kibali hicho. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na sababu yangu inaanzia kwenye jambo nililoliona kwa macho.

Jioni moja nilikuwa nikila katika hoteli ndogo karibu na Barabara ya Kirinyaga. Vijana watatu waliingia, mmoja akiwa ameshika bastola, wakaamuru simu zote ziwekwe kwenye sinia la chapati lililokuwa juu ya kaunta, nalo likapitishwa meza kwa meza kama sahani ya sadaka. Mwanamume aliyekaa mkabala nami aliweka simu yake, akavua saa akaiweka juu yake, kisha akarudisha viganja vyake mezani, kimoja kila upande wa sahani yake ya matumbo. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Walipokwisha kutoka, yule bwana alisimama, koti likainuka, na sote tukaona mpini wa bastola kiunoni mwake. Mama mmoja, ambaye simu yake ilikuwa bado haijamaliza kulipiwa, alimtukana mbele ya watu. Yeye hakujibu kwa maneno mengi. Alinyoosha kidole kwenye ukuta uliokuwa nyuma ya pale aliposimama kijana mwenye silaha. Ulikuwa ubao mwembamba, na nyuma ya ubao huo walikuwapo wapishi wawili na msichana wa kuosha vyombo. Risasi ya bastola hupenya ubao wa aina hiyo kama kitambaa.

Tangu siku hiyo naamini kwamba anayetetea mali peke yake mahali palipojaa watu hana haki ya kufyatua risasi, hata kama anayo haki ya kubeba silaha.

Watakaonipinga watataja sheria, na ni vyema. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinasema kwamba dhima ya jinai ya mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali itapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji. Ni hayo tu. Katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaika, iliyoamuliwa London mwaka 1971 na ambayo mahakama zetu huirejelea, majaji walikubali kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima kwa mizani ya sonara nguvu anazotumia kujiokoa. Nakubaliana nao. Lakini huruma hiyo ni ya anayeshambuliwa wakati hatari ingalipo. Jambazi akishageuza mgongo na sinia lake, hatari imeondoka naye, na anayempiga risasi mgongoni atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba alikuwa akijilinda.

Wengine husema kwamba wizi wa mabavu, kwa kifungu cha 296(2) cha Kanuni hiyo hiyo, adhabu yake ni kifo, kwa hiyo mwenye bastola anaharakisha tu hukumu. Hoja hii hunishangaza. Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1987, nasi tunataka mteja wa hoteli afanye kwa sekunde tatu, bila shahidi wala wakili, jambo ambalo serikali yenyewe imeliacha kwa miongo kadhaa?

Westgate, jumba la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi, ndiyo hoja nzito kuliko zote. Septemba 2013, raia wenye bastola za kibali waliingia ndani pamoja na polisi wachache wakawatoa watu wengi, na sitaki mtu yeyote aupunguze ushujaa wao. Lakini wale washambulizi walifuata roho za watu, si simu zao. Aliyesubiri alisubiri kufa. Hata hivyo, siku hiyo hiyo iliripotiwa kwamba kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu, ambao hawakumtambua. Ikiwa hayo hutokea baina ya waliofunzwa, wewe uliyevaa shati na suruali, ukiwa na bastola mkononi katika jiji lililojaa polisi wasiovaa sare, nani atakutofautisha na jambazi? Na umati wa Nairobi, ukisikia mlio na kuona mtu mwenye bunduki, hauna desturi ya kuuliza kibali.

Nakiri kwamba msimamo wangu una pengo. Majambazi wakianza kuwapeleka watu chumba cha nyuma, wakimvuta mwanamke kando, au wakishafyatua risasi ya kwanza, simuombi mtu yeyote aendelee kuweka viganja mezani. Hapo mali imekoma kuwa ndiyo inayogombewa. Tatizo ni kwamba mpaka huo hauna alama, na askari wa kampuni aliye mlangoni, ambaye hana silaha ila rungu, hawezi kukusaidia kuuona.

Polisi wetu wameandikiwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linaeleza ni lini afisa atatumia bunduki, na linamtaka atoe onyo kwanza hali inaporuhusu. Raia, ambaye mafunzo yake ni haba kuliko ya polisi, ameachiwa sentensi moja ya kifungu cha 17. Napendekeza Bunge liandike jedwali kama hilo kwa wenye vibali, na mtu asipewe kibali kabla ya kutahiniwa juu yake.

Wanaopinga walete hoja zao. Kwa mzee wangu wa South B nina swali moja, naye namwomba alijibu bila hasira: angalikuwa ndiye aliyekaa mkabala nami usiku ule, angalijuaje aliyesimama nyuma ya ubao?